Fuwele ya Mwisho ya Mwalimu Zaina

Usiku ule wa kuamkia zamu yetu kwenye mtambo mkubwa wa eksirei, nililala katika nyumba ya wageni huko ughaibuni, baridi ikinitafuna mifupa. Nilisafiri na Baraka. Tulibeba chupa ya naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, na ndani yake fuwele moja, ndogo kuliko punje ya sukari. Aliiotesha mama yake, Mwalimu Zaina, kutokana na protini ya kimelea cha malale, kisha akafa. Sisi wengine tulijaribu kuotesha nyingine tukashindwa. Miali ikipita kwenye fuwele, umbo la protini huonekana, lakini fuwele yenyewe huungua, kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja tu. Baraka alikuwa akiiita "Mama".

Nikajikuta maabara kwetu Morogoro, ila nje theluji inaanguka. Mwalimu ameinamia hadubini.

"Shikamoo Mwalimu."

Haitikii. Alipokuwa hai alikuwa mkali kama pilipili, lakini salamu alikuwa akiitika, na jambo hilo linaniuma.

Mara maabara ni wodi. Amelala kitandani, amekonda, macho ni yale yale.

"Fungua mdomo."

Nafungua kama mtoto anayepewa dawa. Ananiwekea fuwele ulimini. Namwomba aitoe, namwambia ndiyo ya mwisho, Baraka atakufa kwa uchungu. Inayeyuka huku nikisema.

"Ladha gani?"

"Chumvi."

Anacheka mpaka anakohoa. "Chumvi ya ule mchanganyiko nilioioteshea. Protini hamna humo. Haitoshi hata kuungia mboga! Nilijua tangu siku ilipoota mkanipigia makofi. Mwambie mwanangu."

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Akichukia, akuchukie wewe."

Kisha ananigeuzia mgongo na kujifunika shuka mpaka kichwani. Nalivuta shuka kwa hasira. Kitanda ni kitupu.

Nikaamka mlango ukigongwa. Baraka alikuwa amesimama nje, chupa kaipakata kifuani, amenyoa ndevu na kuvaa shati la sikukuu.

"Dada, zamu yetu imefika. Mbona unalia?"

"Nimemwota mama yako."

Uso wake wote ukachangamka. Tangu mazishi alikuwa hajawahi kumwota hata mara moja, na aliwahi kuniambia anawaonea wivu wanaomwota.

"Amesemaje?" akauliza, na alikuwa bado anatabasamu nilipomwambia.