Kisiwa Kilichomezwa na Bluu

Mafundi wa kuchora ramani kwenye kuta za shule hugawana kazi: mmoja huchora nchi kavu, mwenzake humalizia bahari. Ndivyo walivyofanya ndugu wawili mafundi. Mdogo alikuwa na mkono mwepesi, akaachiwa visiwa. Mkubwa, ambaye watu walimpachika jina la Mzee wa Bluu, alibaki na bahari. Ilimchoma. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika brashi, na leo kila anayepita anasifu visiwa. Nani amewahi kusimama kusifu bluu?

Wivu ulimzidi hasa pale mwalimu mkuu aliposema kwamba atakayempendeza zaidi atachora ukuta wa ukumbi, peke yake, na jina lake chini.

Asubuhi mwalimu wa jiografia alileta darasa zima kutazama. "Funguvisiwa ni nini?" akauliza, kisha akajijibu mwenyewe, kama kawaida yake. "Ni visiwa vingi vilivyokaa karibu karibu katika bahari moja, vikapewa jina moja. Huna haja ya kutaja kimoja kimoja kama unayeita mahudhurio. Ukisema funguvisiwa, vyote vimo." Akamgeukia mdogo. "Fundi, hivi vyako bado kidogo viogelee!" Watoto wakaangua kicheko. Mzee wa Bluu naye akacheka, cheko la meno tu.

Mdogo alipokwenda kunywa chai, mkubwa akachovya brashi. Kile kisiwa cha pembeni, kidogo kama harage, akakipitishia bluu. Kikatoweka.

Mchana mwalimu mkuu akaja kukagua, mwalimu wa jiografia ubavuni. Huyu wa jiografia akanyoosha kidole. "Mbona hapa pana kisiwa kimepungua? Asubuhi si kilikuwepo?"

Mdogo akatazama. Bluu ya pale ilikuwa bado mbichi. Aliiona, na kaka yake akaona kwamba ameiona.

"Nilikifuta mwenyewe, mwalimu," akasema mdogo. "Kilikaa vibaya, nikasahau kukirudisha. Kaka hana kosa."

"Basi ukumbi achore kaka mtu," akasema mwalimu mkuu. "Mimi sitaki fundi msahaulifu."

Mzee wa Bluu akatoka pale na alichokitaka, mdogo wake kando yake amebeba ngazi. Wivu haukupungua hata chembe. Sasa alimwonea wivu hata kwa moyo ule, maana alijijua: yeye asingeweza.