Bibi Yuko Barabarani

Bibi yangu mzaa baba amezikwa barabarani. Ukiangalia ramani ya mji wa Musoma kwenye ofisi ya ardhi, kaburi lake liko ndani ya njia ya magari, hatua mbili kutoka ukingoni. Gari lenyewe halijawahi kupita pale.

Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani. Alipopewa kiwanja pembezoni mwa mji, kwenye eneo jipya lililopimwa, alifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Mitaa ilinyooka, kila kiwanja kilikuwa na bikoni zake nne za zege za kuonyesha mpaka, na masharti yaliandikwa: nyumba ya kudumu, mifugo marufuku, kuzika marufuku. Sharti la kwanza baba alitusomea kwa sauti. Mengine aliyasoma kimya.

Bibi alikuja kututembelea kutoka Buswahili, kijijini kwetu, miaka ile ya shida, sabuni na sukari zikiwa za foleni. Akaugua, akafia kwetu. Alipaswa kulala pembeni ya babu, kijijini, mahali palipoachwa kwa ajili yake. Lakini dizeli hakuna. Lori la kiwanda lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina matairi. Baba alizunguka mji siku mbili na dumu tupu. Siku ya tatu, kwa joto lile, majirani walimwambia inatosha.

Kwetu mama huzikwa mbele ya nyumba, aone anayeingia na anayetoka. Kijijini uwanja wa mbele hauna mwisho. Hapa mwisho ulikuwa bikoni, nayo ilifunikwa na majani. Wachimbaji walipima kwa macho kutoka mlangoni, wakaivuka.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alifika baada ya wiki, kwa baiskeli.

"Umemzika mama kama mpita njia," alisema. "Na mimi mkubwa sipo."

Kisha serikali ikaachia biashara huria. Madukani sabuni zikajaa za kila rangi, mitumba ikamwagika sokoni, na kiwanda kikapunguza watu, baba akiwamo. Akaamua kuuza nyumba, arudi Buswahili akalime. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda alikuja kuiangalia, akagonga kuta, akatoka nje.

"Mzee, nilikuwaga natafuta nyumba ya gesti kama hii. Sasa wageni wangu watapokelewa na nani hapa mbele?"

Alicheka peke yake, akaondoka.

Karani wa ardhi alisema waziwazi: kaburi litoke barabarani, hati itatoka. Bila hati huuzi.

Lakini kwetu kaburi halifukuliwi hivi hivi. Jembe la kwanza hupigwa na mkubwa wa familia. Akipiga mwingine, ni sawa na kuiba maiti, na huyo kijijini hapokelewi. Baba akamwandikia kaka yake barua mbili. Jibu alikuja nalo shangazi, dada yao, kwa mdomo: "Mlifukia wenyewe, fukueni wenyewe."

"Kaka, nenda ukamwombe radhi," shangazi alimwambia baba.

"Si nimeomba?"

"Umeomba kwa barua. Barua haipigi magoti."

"Nikienda, watu wa ardhi wakaleta greda la barabara huku nyuma?"

Shangazi akafunga kitenge chake, akarudi Buswahili.

Kwa hiyo baba haendi popote. Mwezi uliopita wapimaji walirudi, wakapiga alama nyekundu juu ya saruji ya kaburi, hawakutaja siku. Tangu hapo baba ameacha hata kwenda kanisani. Asubuhi hutoa kiti, hukaa mlangoni akitazama mwisho wa mtaa, na mama humletea uji hapohapo.

Juzi shangazi alikuja tena kutoka Buswahili. Anasema baba mkubwa ameanza kufyeka ile nafasi iliyo pembeni ya babu. Ameisafisha yote, mpaka udongo unaonekana. Walipomuuliza anamwandalia nani, alinoa panga lake, akaendelea kufyeka.