Aliyevikataa Vichupa Vinne

Maabara nzima humwita Bi Hatulii, naye huitika. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ni kupima katika damu kiasi cha homoni ya kukuza mwili, na mashine ikishameza vichupa haiharakishwi: dakika arobaini, ukae. Yeye hakai. Atapanga vilivyopangwa, atafuta meza iliyofutwa, atachungulia dirishani kama mwenye mgeni.

“Keti, dada, utatoboa sakafu,” mkuu wake humwambia.

“Ikitoboka tutapata upepo.”

Basi siku hiyo alikuwa na vichupa vinne vya damu ya binti wa miaka tisa, mfupi kuliko darasa zima. Mtoto alimeza dawa ya kuiamsha homoni, kisha akatolewa damu mara nne, kila nusu saa. Majibu yote manne yakatoka chini. Maana yake mnaijua? Sindano za homoni kila siku, miaka nenda miaka rudi.

“Mashine haina kosa,” mkuu alisema. “Tia saini tumalize.”

“Mashine haina. Ila damu hii imelala fofofo, hata kope haikupepesa.”

Akaizunguka meza mara tatu, kisha akachukua damu iliyobaki akapima sukari. Ilikuwa juu, na mtoto alitakiwa awe hajala, maana sukari huilaza homoni hiyo.

Mbio hadi chumba cha kusubiri. Bibi wa mtoto alikuwa anafunga mkoba waondoke.

“Mama, mjukuu amekula nini leo?”

“Hajala. Si mlikataza?”

Binti akatazama viatu vyake. Bibi akatazama dari. “Juisi kidogo tu, mwanangu. Kila akichomwa analia, nikawa nambembeleza. Wewe una mjukuu?”

“Sina.”

“Basi hujui.”

Bibi aliposikia kipimo kitarudiwa, alinuna. “Mara nne tena? Mnamtoboa kama chujio.”

Wiki iliyofuata Bi Hatulii alikaa mwenyewe kando ya binti, goti likimcheza, macho kwenye mkoba wa bibi. Mashine ilipotoa majibu, homoni ya kichupa cha tatu ilikuwa imepanda, ikapita kiwango kinachotakiwa. Akatia saini kabla mkuu hajauliza.

Daktari alipowaambia sindano hazihitajiki, bibi alimvizia Bi Hatulii mlangoni.

“Kama homoni anayo, mbona hakui?”

“Anakua, mama, polepole. Mzazi wake ana kimo gani?”

Bibi akanyoosha kiganja, kikatua juu ya utosi wake mwenyewe. Na utosi wenyewe ulikuwa umemfikia Bi Hatulii kifuani.

“Alaa,” akasema bibi.