Mguno wa Pangoni

Nilikuwa na miaka tisa, kijijini Bwejuu katika miaka ya hamsini, na kitu nilichokiogopa kuliko fimbo ya mwalimu wa chuo cha Kurani ni lile pango la maji nyuma ya mashamba. Asubuhi tulichota maji pale bila ya wasiwasi. Jua likisimama utosini, hapana aliyethubutu. Bibi akisema wakati huo mashetani wa pango, wenyewe kama alivyowaita, hupumzika, na mwenye mimba akiwapitia humshika pale pale alipo mzito.

Dada yangu Zuhura alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza. Mumewe alibaki mjini, Jang'ombe, kwa ajili ya kazi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Adhuhuri moja, watu wamelala, alinishika mkono.

"Twende pangoni. Usimwambie mtu."

"Dada, saa hizi?"

"Saa hizi ndiyo hapana watu."

Alitembea miguu imeachana, akisimama kila hatua chache, ameiuma ncha ya kanga. Pangoni aliniacha juu ya mawe, akashuka mpaka maji yakamfika kiunoni, akaguna.

"Huku chini panachoma," alisema, "kama mtu ananidunga sindano. Maji haya ndiyo yanayonipoza."

Ndipo nilipojua kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kuja.

Kisha akanyamaza. Mguno haukunyamaza. Uliendelea gizani nyuma yake, mzito, wa taratibu, mara tatu. Tukaangaliana. Tulitoka, yeye amejishika tumbo. Baadaye watu waliniambia ule ni mwangwi. Huenda. Lakini mwangwi ninaoujua mimi haungoji mtu anyamaze kwanza.

Siku ya tatu homa ikamkamata. Nje jua linawaka, yeye meno yanagongana. Akaanza kuweweseka, akiniita mimi Mwanaidi, jina la shangazi yetu aliyekufa uzazini kabla sijazaliwa.

"Mwanaidi, sogea. Umenikalia."

Bibi alitia ubani kwenye chetezo. "Washamshika," alisema.

Akaitwa mkunga, Bi Pili. Aliwatoa watu wote chumbani isipokuwa Bibi. Mimi nilikuwa nimeshika chetezo, nikasahauliwa pembeni.

"Zuhura mwanangu, maumivu yameanza lini?"

"Leo."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Si leo, Bi Pili. Yameanza zamani. Huwa anakwenda pangoni adhuhuri kujipoza. Na akienda haja ndogo hulia."

Bibi alipiga ukelele. Bi Pili hata hakugeuka. Alimuuliza dada kama ameona damu, kama maji yamemtoka. Dada akatikisa kichwa.

"Uzito huku chini," mkunga akasema, "na kuchomwachomwa mara moja moja, mara nyingi ni mtoto anashuka na mwili unajitanua. Wengi wetu tumeyapita hayo. Lakini mkojo unaowaka pamoja na homa ya kutetemeka si jambo la kungoja. Haya ni maradhi, na yanaweza kumtoa mtoto kabla ya siku zake. Apelekwe mjini, leo."

"Na wenyewe?" Bibi akauliza.

"Wafukizie njiani, dada yangu. Lakini gari lisituache."

Lori la nazi lilimchukua amelazwa juu ya magunia, Bibi kando yake na chetezo kinafuka. Hospitali walimpiga sindano siku nyingi. Mimba ilitimia, akazaa mtoto wa kike, mdogo wa mwili, mkubwa wa kilio. Mpaka anakufa, Bibi alishikilia kwamba ni ubani uliomwokoa, wala hapana aliyembishia.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nina mimba, nilichomwa hivyo hivyo ghafla ukeni, nikashindwa kunyanyuka kitini. Zuhura alikuwa karibu yangu anachagua mchele. Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Dada, kwa nini siku zile hukusema mapema?"

Hakuinua uso. "Ningesema panauma wapi?"

Katika nyumba yetu tulitaja mashetani na maiti mbele ya watoto, lakini sehemu ile ya mwili wa mwanamke haikuwa na jina ambalo msichana angelitamka mbele ya bibi yake.

Jioni ile nilikwenda kwa mkunga, nikapataja panaponiuma kwa jina lake, uso unaniwaka kwa haya.