Mama Mkwe Alinishika

Miaka ile ya hamsini, nikiwa kijana mwenye mke na ng'ombe wangu, miguu ililegea na kichwa kikauma mpaka nikaona vitu viwiliviwili. Ndugu walinitoa kijijini kwetu Zagayu kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali. Daktari alinimulika machoni, akanipima damu, akasema ubongo umevimba, na damu yangu ina protini kupita kiasi. Sasa alitaka kunitoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano: nivuliwe nguo, nikunjwe, nishikwe nisitikisike.

Mke wangu alikuwa na kichanga nyumbani. Aliyekuja kuniuguza ni mama yake, na kwetu mama mkwe na mkwewe hawaangaliani hata usoni. Alikaa nje ya mlango, uji wangu akiupitisha kwa mhudumu.

"Mama, ingia umshike!" daktari akafoka. Nilimchukia daktari yule.

Mama mkwe akaingia, akafumba macho, akanikumbatia nikiwa uchi. "Tulia, baba," akasema. Nililia kwa aibu, sindano hata sikuisikia.

Nilipopona nilimkuta njiani. Aliingia upesi shambani kwenye pamba kunipisha, akanigeuzia mgongo. Asante ilinifika mdomoni, nikaimeza. Mpaka tunamzika sikuitoa.