Adui wa Ngege wa Ziwa Letu Ni Mimi

Bwana asifiwe, wapendwa. Mko wazima huko Bwera? Sisi wazima, ila nahitaji ushauri wenu haraka.

Leo wanaume wa kanisa walishindana kuvua ngege, samaki wetu wa asili, kwa ndoana kwenye ziwa letu dogo. Bingwa wa siku zote ni Baba Muhindo, mume wangu, mnamjua anavyoringa.

Akavuta, kapi. Akavuta tena, kapi! Wale samaki wa kigeni wenye ndevu, wanaochimbua matope na kula mayai ya ngege.

Ngege hakupata hata mmoja. Wenzake pia.

Akatupa ndoana chini. "Mutu aliyeleta hizi samaki hapa, Mungu amufunue!"

Wote, hata sisi wake tuliokuja kutazama, tukasema amina. Yangu ndiyo ilisikika zaidi.

Jamani! Mwaka juzi dada yangu wa Hima alinipa vitoto vya kapi kwenye beseni. Nikavionea huruma. Nikavimwaga ziwani, nikainua mkono: "Nendeni mkaongezeke."

Vikatii.

Sasa Baba Muhindo anataka niongoze maombi Jumapili, ili Mungu amtaje huyo adui.

Nimwambie sasa, au ale kwanza? Kapi wake nimeshawakaanga. Nijibuni upesi, ananawa mikono.