Mchanga wa Papa

Kuna harufu moja ambayo watu wa Brussels wanaivuta kila siku bila kuijua: harufu ya mchanga mkavu unaopondwa na magurudumu ya tram, zile treni za barabarani. Reli zikiwa na unyevu, tram ikitaka kusimama, kwanza unasikia shhh, kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia, kisha inakuja harufu ya jiwe lililopata moto. Abiria wengine wanakunja pua. Mimi natabasamu peke yangu kama mjinga, maana hiyo ndiyo harufu ya papa yangu, yaani baba.

Papa alikuwa mjaza mchanga. Usicheke, kazi hiyo ipo. Chini ya viti vya tram kuna visanduku. Dereva akitaka, mchanga unamwagika mbele ya gurudumu ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Visanduku havijijazi vyenyewe. Papa alivijaza, kwenye depo moja, karakana ya tram, upande wa Woluwe, na kabla yake babu alifanya hivyohivyo kwenye treni za Lubumbashi. Kwetu Anderlecht mchanga ulikuwa kila mahali: kwenye mikunjo ya suruali yake, kwenye kapeti, hata ndani ya bukari, ule ugali wetu wa Katanga, kama ungemsikiliza maman, mama yangu.

"Bapapa ya bengine banarudi na mukate," alimwambia, ufagio mkononi, "weye unarudi na muchanga. Bon, kesho leta simenti, tujenge!"

Papa alicheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, na darasani nilikuwa nimeshasema kwamba papa ni dereva. Siku moja Madame, mwalimu wetu, aliuliza kazi za wazazi. Mmoja akasema daktari, mwingine akasema mkalimani, na mdomo wangu ukaondoka peke yake, kama tram iliyomwacha dereva kituoni. Kisha nikapamba: papa ana kofia, papa ana kengele yake. Darasa zima lilinijua, kwa sababu ya jina letu la ukoo. Ni refu kama treni ya mizigo, na kila asubuhi Madame alipoliita alikatika katikati, akapumua, akaendelea.

Vuli hiyo, miti ilipoanza kupukutika, tukaambiwa tutapelekwa msituni kuokota majani. Kwa tram, bila shaka. "Nadège, labda ni papa yako atakayetuendesha!" akasema Madame kwa furaha. Wiki nzima niliomba homa, theluji, mgomo. Brussels migomo haikosi, lakini wiki hiyo, wapi!

Tram ikaja. Dereva alikuwa mzungu mwenye masharubu mekundu. Christelle, mtoto wa Goma aliyekuwa mgeni darasani, akaniinamia sikioni.

"Ule wa mustashi ya karoti njo papa yako? Kumbe muko bazungu, na haukutuambia!"

Nikasema papa amepumzika leo. Nikadhani nimepona.

Lakini majani ya kuteleza yalikuwa mengi kwenye reli na mchanga ulikuwa unaisha, kwa hiyo tulipofika mbele ya depo tram ikasimama kuongezewa. Akapanda mtu wa fulana ya rangi ya chungwa, ndoo mkononi. Papa. Aliponiona uso wake wote ukafunguka, akainua mkono.

"Ule papa ya ndoo, munafanana mapua," akasema Christelle. "Ni wa kwenu?"

"Hapana," nikasema. "Simujue."

Sikunong'ona. Na papa alikuwa umbali wa kiti kimoja tu.

Mkono wake ulibaki juu kidogo, kama haujui pa kwenda. Kisha akajikuna kichwa nao, akaupitisha kifuani kama mtu anayejipangusa vumbi. "Bonjour les enfants," akasema, kwa wote sawa, akatugeuzia mgongo. Alijaza taratibu mpaka kisanduku kikafurika, akafunga kifuniko, akakipiga kofi mara mbili kama shingo ya ng'ombe, akashuka.

Kisha ukaja mteremko. Reli zilikuwa zimefunikwa na majani yaliyolowa, na tram ikakataa kusimama. Iliteleza kimya, ndicho kilichotutisha. Kopo la juisi likabingirika mpaka mbele. Chini pale, bibi mmoja alikuwa anavuka na kigari chake cha soko, wala hana haraka. Ndipo nikasikia: shhh. Tram ikashika reli, ikatetemeka, ikasimama hatua chache kutoka kwa yule bibi. Naye akatutazama kwa hasira kana kwamba sisi ndio tumepita sebuleni kwake.

Dereva akajifuta jasho. "Yule wa mchanga leo hakubana mkono," akasema. Watoto wakampigia dereva makofi. Mimi niliweka kiganja juu ya kifuniko cha kisanduku, nikakiacha hapo mpaka msituni.

Jioni nilingoja kukaripiwa. Papa aliniwekea kipande kikubwa cha nyama, akauliza tu, "Ile tram ilisimama muzuri?"

"Ilisimama, papa."

Maman alikuwa anapekua suruali yake kabla ya kuifua. "Sasa beji yako inafanya nini mu mufuko?"

"Ilikuwa inanikwaruza," papa akajibu.

Nilisikia, nikaendelea kula.

Mwaka huu nimepewa beji yangu. Ndiyo, mimi Nadège najifunza kuendesha tram, na jina letu limeijaza beji nzima, karibu litokee upande wa pili. Asubuhi ya kwanza, mbele ya kioo, mkono wangu ulipopita kifuani kuibandika, nikauona mkono wa papa. Hakuwa anajipangusa vumbi. Alikuwa analivua jina, Christelle asilisome.

Nikampigia simu palepale. "Papa, ile siku ya majani..."

"Siku gani? Majani inaanguka kila mwaka." Kisha akauliza, "Ya kwako inasimama muzuri?"

"Inasimama, papa."

"Bon," akasema. "Angalia muchanga."